Taarifa ya Saa Mbili Usiku

Ijumaa ya tarehe 22 Julai 2011 nilikuwa zamu ya jioni kwenye chumba cha habari. Saa kumi na dakika 25 kwa saa zetu bomu lililipuka mjini Oslo, kwenye majengo ya serikali ya Norway. Baadaye zikaanza kuingia habari kwamba katika kisiwa cha Utøya, nje ya mji huo, kuna mtu anawamiminia risasi vijana wa chama tawala waliokuwa kambini. Runinga zetu zote ukutani zilikuwa zimefunguliwa stesheni za nje. Kwenye kila moja alikaa mtu mwenye suti, chini ya jina lake pameandikwa kuwa ni mtaalamu wa usalama, akieleza kwa nini al-Qaeda wangetaka kuipiga Norway. Ina wanajeshi Afghanistan, alisema. Lipo gazeti lake lililochapisha vile vibonzo vya Mtume. Hayo yote yalikuwa kweli. Nikakaa kitako, nikatafsiri, nikamkabidhi msomaji karatasi. Saa mbili usiku taarifa ikaenda hewani na sentensi yangu ndani yake: wachambuzi wanayahusisha mashambulizi hayo na makundi ya Kiislamu.

Wakati sentensi ile inasomwa, msikilizaji, mhusika alikuwa mikononi mwa polisi kwa karibu nusu saa. Wakati huo aliitwa Anders Behring Breivik, Mnorway, mzaliwa wa Oslo. Aliua watu 8 kwa bomu na 69 kisiwani. Aliacha waraka wa kurasa zaidi ya 1,500 uliojaa chuki dhidi ya Waislamu, na dhidi ya wanasiasa aliowalaumu kwa kuwaachia waingie Ulaya. Mtu ameua kwa sababu ya kuwachukia Waislamu, nasi tukawatangazia watu kwamba walioua ni Waislamu. Kule Uingereza gazeti la The Sun lilikuwa limeshachapa toleo lake la mapema la Jumamosi, ukurasa wa mbele ukitaja mauaji ya al-Qaeda na kuyaita Septemba 11 ya Norway.

Asubuhi tuliiondoa tu ile sentensi. Hatukuomba radhi wala hatukusahihisha. Taarifa ya saa moja ilisema mtu mmoja raia wa Norway anashikiliwa, ikapita, ikaja habari ya mvua.

Nilipotoka zamu iliyofuata nilisimama kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza kahawa karibu na geti letu. Alikuwa na redio ndogo ya betri ameiegesha kwenye ndoo ya kuoshea vikombe, na taarifa zetu hazikumpita hata moja. Nikamwamkia, akaniitikia, akanimiminia kikombe. Kisha akaniuliza taratibu, wala hakuwa amekasirika: "Mwanangu, juzi mmesema ni Waislamu. Jana mkasema ni mtu. Huyo mtu hana dini?"

Sikuwa na jibu. Nililipa nikaondoka, na swali lake ndilo nililolibeba hadi kwenye kipindi cha leo.

Ukirudi nyuma utaikuta njia ileile imekanyagwa zamani. Tarehe 19 Aprili 1995 jengo la serikali lililipuliwa huko Oklahoma City, Marekani, watu 168 wakafa, 19 kati yao watoto. Siku ile runinga kubwa za Marekani zilijaa wataalamu waliosema mlipuko ule una alama za Mashariki ya Kati. Raia mmoja wa Marekani mwenye asili ya Jordan, aliyekuwa safarini siku hiyo kwenda kwao, alizuiwa London akarudishwa. Aliyetega bomu, Timothy McVeigh, askari wa zamani wa jeshi la Marekani, alikuwa amesimamishwa barabarani dakika kama 90 tu baada ya mlipuko kwa sababu gari lake halikuwa na namba nyuma. Alikuwa rumande. Mchana kutwa na usiku kucha watu wanaitazama Mashariki ya Kati, naye yuko kwenye selo ya wilaya, palepale Oklahoma.

Halafu Southport, Kaskazini Magharibi mwa Uingereza, tarehe 29 Julai 2024. Kijana wa miaka 17 aliingia na kisu kwenye darasa la dansi la watoto, akawaua wasichana watatu, mmoja wa miaka 6, wa pili wa 7, wa tatu wa 9. Naye alikamatwa papo hapo. Kwa kuwa umri wake haujafika, polisi hawakulitoa jina, na kwenye pengo lile watu wa mtandaoni wakachomeka jina la kubuni lenye sauti ya Kiarabu na hadithi kwamba ni mwomba hifadhi aliyeingia kwa boti. Jioni iliyofuata msikiti wa Southport ulirushiwa matofali, watu wakiwa ndani. Ghasia zikaenea mji hadi mji, na huko Rotherham hoteli iliyowahifadhi waomba hifadhi ikawashwa moto. Siku tatu baada ya mauaji jaji aliruhusu jina litajwe. Alikuwa mzaliwa wa Cardiff, na wazazi wake walitoka Rwanda, hapa kwetu Maziwa Makuu.

Safari hiyo, niseme haki, vyombo vikubwa vilijizuia. Uongo ulipita kwenye simu. Lakini jiulize kwa nini uliaminiwa ndani ya saa chache tu, na watu wazima, wengine wenye watoto wao nyumbani. Uliaminiwa kwa sababu wale wataalamu wenye suti wamekuwa wakiusomesha umma somo moja kwa miaka 30. Mtu akishakariri somo, hana haja tena ya mwalimu.

Na asubuhi iliyofuata baada ya msikiti wa Southport kurushiwa matofali, watu wa mtaa wakaja na matoroli, mchanga, saruji na mwiko, wakaujenga upya ukuta wa msikiti uliobomolewa. Siku chache baadaye huko Liverpool, nje ya msikiti ulioanzishwa na Abdullah Quilliam karne ya 19, imamu Adam Kelwick alivuka barabara na kwenda kwa waandamanaji waliokuja kuupinga msikiti, akiwabebea chakula. Habari hizo zilitangazwa, na zilitangazwa vizuri. Nilizisikia kwa furaha kabisa. Ila hata hapo angalia Mwislamu anaonekana lini: tofali likishatupwa.

Sasa niongee na wenzangu wa kazi, maana jambo hili tunalo sisi pia, kwenye meza zetu, kwa Kiswahili chetu. Waingereza wana maneno mawili yanayofanana kwa sura. Moja ni la kila jambo la Uislamu, benki, sanaa, mazishi. La pili ni la siasa ya wale wanaotaka kushika dola kwa jina la dini. Msomaji wa Kiingereza aliye makini anayatofautisha, ingawa hata huko wengi huyachanganya. Yakifika kwetu yote mawili yanakuwa "ya Kiislamu." Benki ya Kiislamu, shule ya Kiislamu, vazi la Kiislamu, gaidi wa Kiislamu. Nasi tunajua hiyo "ki" inabeba nini katika lugha yetu. Mtu akipika kipwani amepika kwa namna ya watu wa pwani, akivaa kimasai amevaa namna ya Wamasai. Basi ukisema ugaidi wa Kiislamu, umemwambia msikilizaji kwamba huku ndiko kuua kwa namna ya Waislamu, kama vile kuna mapishi yao na mavazi yao. Hata mwandishi wa London hakusema hivyo. Tumemzidi kwa tafsiri.

Tena sisi wa ukanda huu tuna kipimo chetu wenyewe. Joseph Kony aliongoza kundi lililojiita Jeshi la Upinzani la Bwana, Bwana wa kwenye Biblia, likateka watoto kaskazini mwa Uganda na kuwakata watu midomo. Nimetafsiri habari zake kwa miaka mingi. Sijawahi kuandika magaidi wa Kikristo, na mhariri wangu asingekubali, na angekuwa na haki. Kila Mkristo wa Gulu aliyepoteza mtoto angeumia kusikia msiba wake unaitwa kwa jina la imani yake. Ninachotaka ni Mwislamu wa Birmingham au wa Marseille atendewe vivyo hivyo.

Nchini Marekani watafiti walikusanya habari za mashambulizi ya kigaidi ya kati ya mwaka 2006 na 2015, wakahesabu ni habari ngapi ziliandikwa kwa kila moja. Mashambulizi yaliyofanywa na Waislamu yalipata, kwa wastani, habari zaidi kwa asilimia 357 kuliko mengine. Kiasi hicho hakitokani na uongo wa mwandishi yeyote mmoja. Kila habari kati ya hizo inaweza kuwa ya kweli neno kwa neno, na bado mtu wa kule akazikusanya kichwani mwake na kupata picha isiyo ya kweli.

Usinielewe kwamba nataka damu ifichwe. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu kwenye balozi za Marekani yalitukuta Nairobi na Dar es Salaam. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi, 11 hapa Dar es Salaam, na Wamarekani waliokuwamo walikuwa 12. Waliolipua walijinadi kwa dini. Waliozikwa walikuwa Wakristo na Waislamu. Habari ile ilizunguka dunia kama shambulio dhidi ya Marekani, na kweli ubalozi ulikuwa wa Marekani, lakini Mwislamu wa Ilala au wa Eastleigh aliyekuwa akifunga sanda siku ile hakuonekana popote kwenye picha. Yeye hakulingana na hadithi. Ndani ya hadithi Mwislamu alikuwa na nafasi moja tu, na ilikuwa imeshajazwa.

Twende kwenye filamu, maana watu wengi hujifunzia huko. Marehemu Jack Shaheen, Mmarekani mwenye asili ya Lebanon, alitumia miaka mingi ya maisha yake kukaa gizani akitazama filamu za Hollywood, zaidi ya 900, akiandika jinsi Mwarabu anavyooneshwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 2001. Alizopata zenye Mwarabu mwema zilikuwa chache mno. Miaka 20 baadaye, mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walichukua filamu 200 zilizovuma za Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand za mwaka 2017 hadi 2019, wakawahesabu wahusika wote wanaosema neno. Walikuwa karibu 9,000. Waislamu walikuwa asilimia 1.6. Filamu 181 kati ya 200 hazikuwa na Mwislamu hata mmoja anayefungua mdomo. Wala si mwuza duka, wala si daktari wa zamu, wala si mama mkwe.

Kuna kisa kimoja nakipenda kukisimulia. Mwaka 2015 tamthilia ya Homeland, iliyokuwa ikitazamwa na mamilioni, ilipigwa picha Berlin. Walihitaji kambi ya wakimbizi wa Syria, na ili ionekane ya kweli wakawaajiri wasanii waje kuchora maandishi ya Kiarabu ukutani. Wasanii wale walikuwa wamechoshwa na namna tamthilia hiyo inavyowaonesha watu wao. Wakachukua rangi, wakaandika kwa Kiarabu kwamba Homeland ni ya kibaguzi. Wakaandika mengine ya namna hiyo, ukuta hadi ukuta. Mafundi wa taa wakapita, mwongozaji akapita, mhusika mkuu akatembea mbele ya kuta zile kamera ikimfuata. Ikahaririwa, ikarushwa Oktoba. Hakuna aliyejua hadi wasanii wenyewe walipojitokeza kusema. Tamthilia iliyochukua miaka ikiwaeleza Wamarekani hatari ya watu wanaosema Kiarabu haikuwa na mtu wa kuusoma ukuta. Kwao Kiarabu kilikuwa pambo la kumtia mtazamaji hofu, na pambo halisomwi.

Lakini hata huruma ina mtego wake. Mwaka 2015 huohuo, Nadiya Hussain, binti wa Luton mwenye wazazi kutoka Bangladesh, alishinda shindano kubwa la kuoka keki la runinga ya Uingereza akiwa na hijabu yake kichwani. Mamilioni walimpenda. Ila hata kabla hajashinda, mwandishi mmoja wa gazeti alishaandika kwamba mshindani mwingine aliyetolewa pengine angesalimika kama angeoka msikiti wa chokoleti. Na waliomtetea nao wakajaza kurasa wakieleza keki zake zina maana gani kwa taifa. Mama yule alikuwa ameoka keki. Mwingine akishinda, watu huuliza kiasi cha siagi.

Profesa Mahmood Mamdani, ambaye wazee wetu wa Mlimani wanamkumbuka kwa kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 2004. Alisema baada ya Septemba 11 Mwislamu alipewa nafasi mbili, mwema na mbaya, na kila mmoja huhesabiwa mbaya hadi athibitishe kuwa ni mwema. Hakujua kwamba kitabu kile kitamrudia nyumbani. Mwaka 2025 mwanawe Zohran, aliyezaliwa Kampala, aligombea umeya wa New York.

Nilizifuatilia kampeni zile kila siku, na kuna mambo matatu sijayasahau. La kwanza ni ndevu. Kundi lililomuunga mkono mpinzani wake, Andrew Cuomo, lilitayarisha kipeperushi chenye picha ya Zohran, na katika picha ile ndevu zake zilikuwa nyeusi zaidi na ndefu zaidi kuliko alizonazo. Ilipobainika, kundi lenyewe likasema kipeperushi hakikusambazwa. Ninachokiwaza ni yule aliyekaa mbele ya kompyuta na kuzivuta ndevu zile. Alijua hasa anachokifanya. Alijua watazamaji wameshafundishwa ndevu ndefu zina maana gani, hana haja ya kuandika neno.

La pili lilitokea redioni, na ndiyo maana linaniuma. Cuomo alikuwa mgeni kwenye kipindi cha mazungumzo, akasema hebu fikirieni itokee Septemba 11 nyingine Mamdani akiwa kwenye kiti. Mtangazaji akadakia kwamba atashangilia. Mgeni akacheka, akaongeza kwamba hilo nalo ni tatizo. Kipindi kikaendelea. Mimi nimekaa mbele ya kipaza sauti miaka mingi na ninajua kile kishawishi, mgeni anachekacheka, mambo yanakwenda, unatupa neno. Lakini lile neno lilimfikia kila mtoto wa Kiislamu wa jiji lile aliyekuwa kwenye gari la baba yake asubuhi hiyo.

Kesho yake Zohran alisimama nje ya msikiti mmoja wa Bronx, sauti ikimkatika, akasimulia habari ya shangazi yake aliyeacha kupanda treni baada ya Septemba 11 kwa kuogopa kuonekana na hijabu. Na hapo ndipo likaja la tatu. Makamu wa Rais wa Marekani akamkejeli hadharani. Watu wakachimba, wakagundua kwamba dada wa damu wa baba yake alikuwa akiishi Tanzania miaka hiyo, siyo New York. Wakatangaza kwamba wamemkamata na uongo. Ikabidi aeleze kuwa alikuwa anamsema binamu wa baba yake, mama ambaye ameshafariki. Wakasema basi huyo si shangazi.

Msikilizaji wangu wa Kampala, wa Mombasa, wa Tanga, wa Bujumbura, nikikuuliza binti wa baba mkubwa au wa shangazi wa baba yako unamwita nani, utanishangaa kwa kuuliza. Ni shangazi. Amekubeba mgongoni, amekula harusi yako, ni shangazi. Watu wale walikuwa wakibishana juu ya mti wa ukoo, na hofu ya mama yule ndani ya treni haikuulizwa tena na mtu. Hakuna mwandishi niliyemsikia aliyekwenda kuwatafuta kina mama wengine wa New York waliokuwa na hofu ileile, ambao wamo hai na wangeweza kusema. Tarehe 4 Novemba Zohran alichaguliwa meya. Kushinda kwake kulitangazwa kote. Ile treni, hapana.

Ndiyo maana ninapotaka kumwona Mwislamu wa Ulaya akiwa mtu mzima, mwenye mizigo yake yote, narudi kwa mtu wa kwetu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliondoka kijana akaishi na kufundisha Uingereza, na mwaka 2021 akatunukiwa Nobeli ya fasihi. Waislamu wake wana madeni, wana fitina za urithi, wanawadanganya wake zao, wanazeeka vibaya. Katika riwaya yake ya mwaka 2001, By the Sea, mzee mmoja wa Zanzibar anafika uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi. Ofisa wa uhamiaji, ambaye wazazi wake mwenyewe walikuja kutoka Romania, anamfungulia begi. Ndani anakuta kijisanduku, na ndani ya kijisanduku mna udi. Udi mzuri, wa kale, kitu pekee cha thamani ambacho mzee amekibeba kutoka kwenye maisha yake yote. Ofisa hajui ni kitu gani. Mzee ananyamaza, maana ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Basi yule ofisa anakichukua kile kijisanduku, anakiweka upande wake wa meza, na kumruhusu mzee aingie.